Modemu ya USB inakatika kila jioni, nyumba iko ufukweni Ukerewe: nianze kurekebisha nini?

Mkerewe wa Bugolora ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba msaada wenu kuhusu intaneti ya nyumbani, ambayo imenisumbua tangu nilipohamia kijijini upande wa Bugolora, kaskazini mwa kisiwa cha Ukerewe, kwenye nyumba iliyo karibu kabisa na maji. Huku hakuna waya wa simu unaofika majumbani, kwa hiyo natumia modemu ya USB yenye laini ya simu, ile ambayo Windows huiunganisha kwa kupiga *99# kama vile inampigia mtu. Kompyuta yangu ni mpakato ya zamani kidogo, na umeme ni wa sola: paneli mbili, betri moja na inveta ndogo inayobeba taa, redio na chaja ya kompyuta.

Natunza hesabu za wanunuzi kadhaa wa dagaa, na kila siku natakiwa kuwatumia orodha ya mizigo iliyopokelewa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mke wangu naye anasoma Chuo Kikuu Huria na muda wake wa kusoma ni jioni, baada ya shughuli za nyumbani. Kwa hiyo jioni ndipo tunapoihitaji intaneti kuliko wakati mwingine wowote, na jioni ndipo inapotutupa.

Kuanzia asubuhi hadi alasiri hali inaridhisha. Ikifika saa moja jioni, na kuendelea hadi kama saa nne usiku, mambo hubadilika. Mara nyingine muunganisho hukatika kabisa, na nikijaribu kupiga tena naletewa kosa namba 619 au 628. Mara nyingine modemu hutoweka kwenye kompyuta kana kwamba mtu ameichomoa, kisha hurudi yenyewe. Na mara nyingine, hii ndiyo inayokera zaidi, dirisha linaendelea kusema kwamba nimeunganishwa, sekunde zinahesabiwa, mistari ya mtandao ipo mitatu kama asubuhi, lakini hakuna ukurasa unaofunguka wala barua pepe inayotoka. Wakati huo taa ya modemu hucheza kati ya buluu na kijani.

Lipo jambo jingine ambalo nasita kulisema kwa sababu jirani yangu hunicheka kila nikilitaja. Siku za giza jioni huwa na nafuu kubwa, lakini siku za mbalamwezi intaneti huwa mbaya kuliko kawaida. Nimeliona likijirudia mwezi baada ya mwezi.

Nimekwisha kufuta programu ya modemu na kuiweka upya, na nimehakiki kwamba bando halijaisha. Nimejaribu pia laini ya kampuni nyingine, ambayo hapa kwangu haina 3G kabisa. Rafiki mmoja ananishauri nivuke kwenda Mwanza nikanunue antena ya nje. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba kujua kama antena ndiyo dawa, au kuna la kuangalia kwanza.

Fundi Nyakato amejibu:

Kaka, usikimbilie meli bado. Katika maelezo yako naona matatizo mawili yaliyovaa nguo moja, na antena haiwezi kutibu lile la kwanza.

Modemu inayotoweka kwenye kompyuta na kurudi yenyewe, na ukasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa, haina ugomvi na mnara. Hiyo imekosa umeme. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa volti 5 na mkondo usiozidi miliampia 500, na modemu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi, kwa hiyo huhitaji umeme mwingi hasa pale mawimbi yanapokuwa dhaifu. Kompyuta ikiwa ya zamani, matundu yake yamelegea, na chaja yake imeegemea inveta ndogo ambayo jioni imebebeshwa taa za nyumba nzima huku paneli zimekwisha kulala, volti zikishuka kidogo tu modemu hujizima na kujiwasha upya.

Jaribio lake halina gharama. Chaji kompyuta mchana hadi ijae, jioni ichomoe kabisa kwenye inveta uitumie kwa betri yake yenyewe, na modemu uichomeke moja kwa moja kwenye tundu bila waya wa kurefushia. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, zima pia kipengele kinachoruhusu kompyuta kuilaza USB ili kuokoa betri. Kutoweka kukikoma, tatizo la kwanza umelipata.

Kwa yale mengine tunahitaji vipimo, kwa kuwa mistari mitatu ya mtandao haisemi lolote la maana. Kila programu huichora inavyotaka. Fungua PuTTY, programu ya kuandikia kifaa amri moja kwa moja, kwenye namba ya COM ya modemu, yaani mlango ambao Windows imeipa (modemu nyingi huonyesha zaidi ya moja, chagua ile isiyotumika kupiga) uandike AT+CSQ. Utajibiwa namba kati ya 0 na 31. Zidisha kwa 2, kisha toa 113, upate nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Ukiona 99, modemu haijui inachopokea. Halafu andika AT+CREG=2, na baada yake AT+CREG? ili ikuonyeshe namba ya seli uliyoshikwa nayo, yaani sehemu ya mnara inayokuhudumia. Andika matokeo ya asubuhi na ya jioni.

Acha pia dirisha moja likiendesha ping -t 8.8.8.8, amri inayoiuliza kompyuta ya mbali kila mara kama inasikia. Haitakula hata megabaiti moja kwa saa. Namba hiyo ikijibu huku kurasa zikigoma, basi kinachokwama ni seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, na siyo mawimbi.

Mzee wa Igoma amejibu:

Naheshimu ushauri wa fundi, ila mimi nitasema kuhusu nyumba yenyewe. Nyumba zetu za ufukweni zimeezekwa kwa bati, na aliyeweka modemu chini ya bati, tena kwenye meza iliyo nyuma ya ukuta wa tofali, amejinyima mawimbi kwa mikono yake. Visiwani na hapa Mwanza mjini tuna shida nyingine ya majabali: ukiwa upande usio sahihi wa jabali moja kubwa, mnara ulio karibu haukufai kitu, na simu hujikuta ikishika mnara wa ng'ambo ya maji ambao hata hukuufikiria.

Kwa hiyo antena inasaidia sana, lakini inunue kwa akili. Madukani watakuuzia antena nzuri pamoja na mita 10 za waya mwembamba mweusi wa aina ya RG58, ambao kwenye mawimbi ya 3G ya megahezi 2100 hupoteza takriban desibeli moja kwa kila mita. Antena inayodai kukuongezea desibeli 10, ukiiunganisha kwa waya wa namna hiyo wenye mita 10, umerudi ulipoanzia na fedha umekwisha toa. Ni afadhali modemu yenyewe ipande juu na waya wa USB ndio uteremke ndani. USB hairuhusu zaidi ya mita 5, nami ningeishia mita 3 za waya mnene, kwa sababu ile nyembamba inayouzwa barabarani hupoteza volti, na hapo utarudi kwenye maradhi aliyoyataja fundi.

Mimi modemu yangu niliiweka ndani ya chupa ya maji iliyokatwa, mdomo ukitazama chini, nikaifunga kwenye mlingoti nje ya ukingo wa paa. Nyuma yake niligongomea kipande cha bati kilichokunjwa kidogo. Bati linalokuzibia mawimbi ukiwa ndani, ukiwa nje unaweza kulifanya liyarudishe kwenye modemu na wakati huohuo liizibe minara ya upande mwingine.

Mkerewe wa Bugolora ameandika tena:

Nawashukuru sana, fundi na mzee wangu. Nimefanya mliyoagiza, na matokeo yamenishangaza kiasi.

Kompyuta ikiwa kwa betri yake, modemu haitoweki tena. Hilo limekwisha, na inveta nimeipunguzia mzigo. Lakini kukatika kwa aina ile nyingine, pamoja na kule kuunganishwa bila kitu kupita, kumebaki vilevile.

Asubuhi, taa ikiwa ya buluu, yaani 3G, AT+CSQ hunipa 14 au 15. Nilitegemea jioni ishuke, lakini haishuki: inabaki 14, mara nyingine inapanda hadi 16, huku ping ikijibu kwa kuchelewa sekunde mbili au tatu, kisha inaacha kabisa kujibu. Taa ikigeuka kijani, yaani 2G, namba inaruka hadi 19 au 20, na ping hurudi taratibu. Baada ya dakika chache taa inarudi buluu na mateso yanaanza upya. Namba ya seli nayo haitulii jioni. Kwenye buluu inabadilika kati ya seli mbili, na nikijikinga kwa bati upande wa ziwani moja ya hizo hutoweka, kwa hiyo naamini hiyo ni ya mnara wa ng'ambo ya maji. Nyingine ni ya mnara wa nchi kavu, ulio nyuma ya kilima chenye majabali, kama alivyobashiri Mzee wa Igoma.

Seva ya majina haina kosa. Ping ikikwama, kila kitu kinakwama pamoja nayo.

Swali langu sasa ni hili: inawezekanaje nguvu ya mawimbi ibaki ileile, au hata iongezeke, halafu mawasiliano yazidi kuwa mabaya? Na lile la mbalamwezi bado sijalipatia jibu.

Mpanda Minara amejibu:

Nimefanya kazi ya matengenezo ya minara katika mikoa ya ziwa kwa muda mrefu, na vipimo ulivyoleta vinatosha kabisa kueleza yanayokupata, likiwemo hilo la mbalamwezi ambalo jirani yako hakupaswa kulicheka.

Katika 2G kila simu hupewa masafa yake na zamu yake ya muda. Katika 3G sivyo: watu wote wanaohudumiwa na seli moja huzungumza kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale, na mnara huwatenganisha kwa misimbo. Kila anayeongezeka huwa kelele kwa wenzake. Ni kama mwaloni wakati wa kupokea mitumbwi: watu watatu wakiongea, unamsikia hata aliye mbali, wakiwa mia, huyo wa mbali haambulii kitu ingawa sauti yake haijapungua. Ndiyo maana namba ya AT+CSQ haikushuka. Kwenye modemu nyingi namba hiyo hupima jumla ya mawimbi yanayoingia, yakiwemo yale ambayo mnara unawarushia majirani zako, kwa hiyo watumiaji wakiongezeka inaweza hata kupanda. Kilichoshuka ni uwiano kati ya mawimbi yako na makelele, na huo kwa kawaida hauonekani kwenye mistari ya programu.

Sisi tulio kwenye minara husema seli imesinyaa. Eneo linalohudumiwa na seli ya 3G si duara lililochorwa likakauka; watu wakiwa wachache hutanuka, wakiwa wengi hujikunja, na wanaoachwa nje kwanza ni wale wa pembezoni. Wewe uko pembezoni mwa seli mbili kwa mpigo: moja nyuma ya kilima, nyingine ng'ambo ya maji. Modemu yako nayo ina kikomo chake, kwani kwenye 3G hurusha robo wati tu, na ikifika hapo haina tena uwezo wa kupaza sauti. Huo ndio muda unaoona imeunganishwa na hakuna kinachopita: unausikia mnara, lakini mnara haukusikii wewe. Modemu ikichoka hukimbilia 2G, ikiona buluu imerudi hurukia tena, na kila mruko huo hukugharimu sekunde nyingi ambazo mitandao mingine haizivumilii, hukata kabisa. Hapo ndipo 619 na 628 zinapotokea, kwa maana upande wa pili umeufunga mlango kabla hujaingia.

Sasa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Siku za giza, wanaume na vijana wengi wa vijiji vyenu wako ziwani kuanzia jioni. Siku za mbalamwezi wako nyumbani na kambini, wamekaa na simu zao, na kwa kuwa hawana kazi jioni hutazama video. Mnara uliokuwa na nafasi umejaa, na seli imejikunja hadi kukuacha nje. Hayo nayasema kwa kukisia kutokana na ninachokijua kuhusu minara, lakini kuna njia ya kuyahakiki. Siku ya mwezi mpevu, amka saa kumi alfajiri upime. Mwezi utakuwa bado angani na watu wamelala. Intaneti ikiwa nzuri, mwezi hauna hatia na tatizo ni wingi wa watu. Ikiwa mbaya, basi mimi nimekosea na tutafute sababu nyingine.

Kuhusu la kufanya, ningeanza na programu ya modemu. Ndani yake kuna mahali pa kuchagua aina ya mtandao, na kwa kawaida huwa imewekwa ijichagulie yenyewe, jambo linalofaa kwa mtu anayetembea, siyo kwa nyumba isiyohama. Mchana iwekee 3G pekee. Jioni, ikianza kusumbua, iwekee 2G pekee. Najua 2G ni ya polepole: EDGE, ambayo ndiyo intaneti ya 2G, kwa hesabu za vitabuni hufika kilobiti 236 kwa sekunde, na uhalisia ni chini ya hapo, tena mnara hutanguliza watu wanaopiga simu kabla ya intaneti. Lakini orodha ya mizigo ya dagaa si kitu kikubwa, na njia nyembamba isiyokatika itaifikisha kabla ya njia pana inayokatika kila dakika. Angalizo moja ambalo wengi hawalijui: kwenye 2G ya megahezi 900 modemu hurusha hadi wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi, mara nane ya ile robo wati ya 3G, kwa hiyo usiifungie kwenye 2G kabla hujamaliza suala la umeme alilolieleza Fundi Nyakato. Ungefanya kinyume, modemu ingetoweka zaidi ya mwanzo, nawe ungeilaumu 2G bure.

Antena, basi? Mzee wa Igoma hajakosea, ila sababu yangu ni tofauti na yake. Antena ya mwelekeo mmoja itakufaa kwa kuwa itakufanya usikie mnara mmoja na kuupa kisogo mwingine, zaidi kuliko kwa kuongeza nguvu. Kipande chake cha bati kinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila malipo. Jaribu kukielekeza ili modemu itazame ng'ambo ya maji na kukipa mgongo kilima, kisha ugeuze. Upande ambao namba ya seli inatulia ndio wako, hata kama AT+CSQ ni ndogo kwa alama mbili tatu. Usishangae ukiona upande wa maji unayumba saa ziwa linapotulia kama kioo, kwa sababu maji hurudisha mawimbi, na yale yaliyorudishwa huweza kugongana na yaliyokuja moja kwa moja. Kupandisha au kushusha modemu hata kwa nusu mita hubadili hali hiyo.

Binti Sengerema amejibu:

Shikamoni wakubwa. Nami niko kijijini upande wa Sengerema na hali yangu ilikuwa hiyohiyo, kwa hiyo nitaongeza mambo mawili ambayo kaka yetu ayafanye huku akiendelea na mabati yake.

La kwanza ni la shemeji anayesoma. Asipambane na saa tatu usiku. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri kasi huwa nzuri kuliko hata mchana, kwa hiyo apakue masomo wakati huo kwa programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipokomea, maana kupakua kwa kivinjari faili kubwa ambalo linaanza upya kila linapokatika ni kuchoma bando. Barua pepe azisome kwa programu inayoziteremsha zote kwenye kompyuta, aandike majibu jioni akiwa nje ya mtandao, yatoke yenyewe njia ikipatikana. Na Windows izuiwe kujisasisha kwa kutumia modemu. Hilo peke yake lilinirudishia sehemu kubwa ya bando langu.

La pili ni malalamiko. Kampuni ya simu ikiambiwa tu kwamba mtandao ni mbaya hujibu kwamba wanalishughulikia, na habari huishia hapo. Ikipelekewa namba ya seli, saa ambazo tatizo hutokea na vipimo kama vya kaka, malalamiko hayo hufika kwa fundi badala ya kuishia kwa mpokea simu. Mimi niliandika hivyo, nikaomba namba ya kumbukumbu, na baada ya muda mnara wa kwetu ukaongezewa uwezo. Kampuni ikikaa kimya, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza inayopokea malalamiko ya watumiaji, lakini watakuuliza kwanza kama ulianza na kampuni, ndiyo maana ile namba ya kumbukumbu ni muhimu. Kwa vijiji visivyo na mawimbi kabisa upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kuchangia ujenzi wa minara mahali ambapo kampuni hazioni faida. Bugolora tayari mna mnara, kwa hiyo ningeanza na kampuni.

Mkerewe wa Bugolora ameandika tena:

Marahaba, dada, na asante kwa kumkumbuka shemeji yako.

Naleta mrejesho. Nilisubiri mwezi uwe mpevu, nikaamka saa kumi alfajiri kama alivyosema Mpanda Minara. Nje kulikuwa kweupe kiasi cha kuona mitumbwi iliyoegeshwa, na ping ikajibu kwa robo sekunde bila kukosa hata mara moja. Jioni iliyotangulia, saa mbili usiku, mwezi huohuo ukiwa angani, ilikuwa haipiti kabisa. Jirani nimemwonyesha vyote viwili kwenye karatasi, naye amehamia kwenye kunitania kwamba nawachukia wavuvi.

Modemu sasa iko nje, ndani ya chupa, kwa waya wa USB wa mita 3 uliotoka kwa fundi wa mjini Nansio, na bati limekipa kilima mgongo. Upande wa maji ndio uliotulia, ingawa AT+CSQ inasoma 12 badala ya 14. Nilipoishusha kidogo kutoka kileleni mwa mlingoti, kule kuyumba kwa asubuhi kukapungua. Mchana natumia 3G pekee na haijakatika. Jioni za giza 3G inavumilia hadi usiku. Jioni za mbalamwezi naiwekea 2G, na orodha ya mizigo inaondoka, polepole lakini inaondoka. Makosa ya 619 na 628 sijayaona tena isipokuwa siku moja ya mvua kubwa. Namba za seli na saa nimekwisha kuziandikia kampuni, na namba ya kumbukumbu ninayo.

Limebaki swali moja. Mvua za radi zinakaribia, na ninyi mnajua radi za ziwa hili zilivyo usiku. Modemu iliyoning'inia kwenye mlingoti wa chuma nje ya nyumba, waya wake ukiingia moja kwa moja kwenye kompyuta, je, ni salama?

Fundi Nyakato amejibu:

Si salama kaka, na usiache hata usiku mmoja. Mlingoti wa chuma ubadilishe uweke wa mti mkavu au mwanzi, na usipite urefu wa paa zaidi ya inavyohitajika. Kama utabaki na wa chuma, uteremshie waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo iliyogongomelewa ardhini mahali penye unyevu, na kwa kuwa uko karibu na maji hapo hutapata shida. Hata hivyo fimbo hiyo haizuii radi inayopiga jirani kupenyeza umeme kwenye waya wa USB, kwa hiyo mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa chomoa waya kwenye kompyuta, usogeze ncha yake mbali na meza, na uchomoe pia chaja kwenye inveta. Kuzima tu kompyuta hakutoshi. Chupa nayo ikague mara kwa mara, kwa maana wale wadudu wadogo wa ziwani wakiingia kwa wingi huganda kwenye kichwa cha USB, na ukilazimisha kuchomeka bila kukisafisha utavunja vile vijino vya ndani.